Jinsi Nilivyoandaa Daftari la Makaburi ya Watu Mashuhuri wa Nyeri

Wanafunzi wa chama cha historia ninachokilea waliponiuliza ni mashuhuri gani waliozikwa katika Kaunti ya Nyeri, niliamua tuandae daftari ambalo kila jina lingeambatana na mahali pa kaburi, tarehe iliyosomwa kwenye jiwe lenyewe, na ushahidi wa pili usiotokana na jiwe hilo. Sharti la ushahidi wa pili nilililinda kuliko yote, kwa sababu sifa za marehemu huongezeka kila zinaposimuliwa upya.

Tulianzia makaburi ya Kanisa la Anglikana la Mtakatifu Petro mjini Nyeri, baada ya kupata idhini. Ndipo alipolala Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti duniani, aliyehamia Nyeri mwaka 1938, akaishi katika nyumba iitwayo Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, na kufariki tarehe 8 Januari 1941. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati, alama ambayo maskauti huiacha njiani kuwajulisha wanaofuata kwamba mwenzao amekwisha kurudi nyumbani. Mkewe, Olave, alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa kuwekwa papo hapo. Katika makaburi hayo hayo yumo Jim Corbett, mzaliwa wa Nainital nchini India, ambaye mwaka 1907 alimuua chui-milia jike wa Champawat aliyehesabiwa kuua watu 436, kisha katika maisha yake ya baadaye akawa mtetezi mkubwa wa wanyama hao. Alihamia Kenya mwaka 1947 pamoja na dada yake, akaishi katika Paxtu ile ile, na kufariki tarehe 19 Aprili 1955. Wanafunzi walipenda sana kugundua kwamba nyumba moja ndogo iliwapeleka watu wawili wa namna hiyo katika makaburi mamoja.

Kuhusu kusoma mawe, tulikwenda asubuhi au alasiri, jua linapomulika kwa ubavu na kuzitia herufi kivuli. Jiwe lilipoota kuvu tulitumia maji matupu na brashi laini. Chaki na sabuni nilizipiga marufuku, kwa kuwa huharibu jiwe.

Karibu na Mathari tuliandika jina la Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa mtawala wa Afrika Mashariki ya Kiitalia hadi aliposalimu amri Amba Alagi, nchini Ethiopia, mwezi Mei 1941, na ambaye alifariki akiwa mateka jijini Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Amezikwa katika kanisa la kumbukumbu pamoja na mamia ya askari wa nchi yake. Kutoka hapo tulikwenda katika Kanisa Kuu la Konsolata, yalipo masalia ya Mwenyeheri Irene Stefani, mtawa Mwitalia ambaye wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwauguza wapagazi Waafrika katika hospitali za Voi, Kilwa na Lindi. Mwaka 1930 alifariki kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Watu wa Gikondi walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma, na kwa maoni yangu hakuna mgeni aliyezikwa Nyeri anayestahili kukumbukwa kumpita yeye.

Hata hivyo, daftari lilikuwa limejaa wageni, nami sikuridhika. Mzee mmoja wa Tetu alinieleza sababu: “Mwalimu, wewe unawatafuta watu wetu makanisani, na sisi tunazika shambani.” Ni kweli, na historia yenyewe inakwenda mbali zaidi, kwani zamani Agikuyu walizika wazee wenye heshima na mali tu, huku wengine wakilazwa porini waliwe na fisi, mpaka utawala wa kikoloni na wamisheni walipoleta desturi ya kumzika kila mtu. Kwa hiyo niliongeza sehemu ya pili, ya makaburi ya nyumbani, ambayo inaongozwa na Rais Mwai Kibaki, aliyezikwa Othaya tarehe 30 Aprili 2022. Kwa makaburi ya namna hii tunaandika yale tu yaliyotangazwa hadharani, na hatukanyagi shamba la mtu bila ruhusa ya familia.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonigharimu fikra nyingi zaidi, kwa kuwa inawahusu wana wa Nyeri ambao makaburi yao hayapo Nyeri. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na mwili wake ukachomwa Nairobi kama alivyoagiza. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya wakoloni, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa katika gereza la Kamiti, mahali pasipowekwa alama. Mwaka 2019 zilitoka taarifa kwamba kaburi lake limepatikana, kisha serikali ikazikanusha. Wanafunzi wengine walitaka jina lake liachwe kwa sababu halitimizi sharti letu. Nilikataa, nikawaelekeza waandike jina, tarehe na mahali pa kunyongwa, na kwenye safu ya kaburi waandike “Kamiti, halina alama”. Safu hiyo imeandikwa kwa penseli, ili siku alama itakapowekwa ibadilishwe.