Kusaka nguo za zamani katika soko la Kenya, Lubumbashi

Nguo ya zamani haisomeki kwenye simu. Sharti uishike, uigeuze ndani nje, uvute mshono kwa kidole gumba, uhesabu mishono ya kitundu cha kifungo, ndipo ujue aliyeishona alikuwa fundi wa namna gani. Mimi mwenyewe ni fundi cherehani Likasi, huku Katanga, nchini Kongo. Kazi za wateja zikipungua na akiba kidogo ikipatikana, napanda gari kwenda Lubumbashi kusaka: mitumba ya Ulaya ambayo vijana wameikataa, bikwembe (vitenge) vya enzi za Zaire, makoti ya wazee yaliyotoka kwenye masanduku. Sijui raha nyingine inayofanana na hiyo. Ninayoisimulia hapa ni safari ya Septemba, joto lilipoanza kupanda na vumbi likiwa bado halijaonja mvua.

Njia ni kilomita 120 hivi za lami. Tuliondoka alfajiri kwa basi dogo, vichuguu vya Katanga vikipita kushoto na kulia, vingine virefu kuliko nyumba, na magunia ya makala ya kupikia yamepangwa kando ya barabara yakingoja wanunuzi. Baada ya Luisha mwendo ulipungua kwa sababu ya malori. Yalibeba mabamba ya shaba na magunia ya kobalti, yakielekea mpakani Kasumbalesa, na kutoka huko bandari za Dar es Salaam na Durban. Abiria wenzangu walikuwa wakilalamika, ila mimi nayapenda malori hayo. Balo (marobota) nyingi za mitumba zinazofunguliwa Lubumbashi huja kwa barabara hiyohiyo kutoka upande wa pili. Shaba yetu inashuka, makoti yao yanapanda.

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ikaitwa Élisabethville hadi 1966. Kampuni ya madini, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, ilivuta wafanyakazi kutoka pande zote, na penye mshahara wa kila mwezi hapakosi cherehani, suti ya Jumapili, kikwembe kizuri cha sikukuu. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini nisihangaike na masoko ya karibu na nyumbani, nitakujibu kwamba masanduku ya Lubumbashi yana vitu. Wazee wanafariki, watoto wanagawana, na visivyotakiwa vinafika sokoni.

Mtoto wa mdogo wangu anasoma chuo kikuu mjini hapo. Alinipokea kituoni, akachukua mfuko wangu.

"Mama mukubwa, tunaanzia wapi leo?"

"Kenya. Balo zinafunguliwa asubuhi."

Kenya ni komine (kata) moja ya mji huu, na soko lake ni kubwa kiasi kwamba ukiingia bila kujua unachotafuta utatoka na sufuria. Tulipita haraka kwenye mahindi, samaki wakavu, betri na vyandarua, tukafika kwa akina mama wa mitumba wakati mmoja wao ndiyo kwanza ameshika kisu.

Wasiowahi kuona balo ikifunguliwa wamekosa jambo. Ni mzigo wa kilo 45, umebanwa kwa mashine mpaka umekuwa mgumu, umefungwa kwa mikanda ya plastiki. Aliyeununua anajua aina tu: mashati ya wanaume, magauni, makoti. Kilichomo ndani hakijui, na pesa ameshalipa. Wanaomzunguka wananyamaza. Mkanda wa kwanza ukikatwa balo inavuta pumzi. Wa pili, wa tatu, na nguo zinafumuka zenyewe zikimwagika kwenye turubai la plastiki pamoja na ile harufu ya dawa na bohari ambayo kila mpenda mitumba anaijua. Hapo mikono inaingia.

Chaguo la kwanza ni la bei ya juu. Vijana wanaouza tena mjini wako mbele, macho yao makali, wanachomoa kinachovaliwa mwaka huu. Mchana bei inashuka, kesho inashuka tena, na kinachobaki mwisho wa wiki kinakuwa rundo la bei moja. Wengi wanaopenda vitu vya zamani hungoja rundo hilo. Mimi nina desturi yangu: naenda saa ileile ya kufungua balo, lakini nasimama nyuma ya wale vijana, pale wanapotupia wasichotaka. Koti zito, gauni lenye mabega ya ajabu, shati lenye kola ndefu, vyote hivyo vinarushwa pembeni katika dakika chache za kwanza, na vinaangukia miguuni pangu. Havijakanyagwa wala havijakunjwa vibaya, na mama mwenye balo, akiona vimekataliwa mara moja, hana moyo wa kupandisha bei.

Mikono inatangulia macho. Pamba ya zamani ina uzito, sufu inakwaruza kidogo, nailoni inateleza. Nikiwa na shaka nachomoa uzi mmoja kwenye upindo na kuuwasha kiberiti. Pamba hutoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, sufu hunuka nywele zilizoungua, polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kisha zipu: ya chuma ina umri mkubwa kuliko ya plastiki, mara nyingi. Kisha lebo. Ikiandikwa Made in West Germany, nchi hiyo haipo tangu Oktoba 1990, basi nguo ni ya kabla ya hapo. Mtoto wangu yeye anawinda jinzi za Levi's, naye nimemfundisha kutazama kile kitambaa chekundu cha mfukoni: jina likiwa limeandikwa lote kwa herufi kubwa, pamoja na ile E, suruali inaweza kuwa ya kabla ya 1971. Hajaipata bado. Kila anapokiona kile chekundu anainama kwa heshima kama anayeingia kanisani, na mimi namwacha, kwa sababu huo ndio utamu wenyewe.

Siku hiyo niliokota blauzi nyeupe ya pamba, bega moja limechanika. Muuzaji alinitazama kwa huruma. Lakini nilikuwa nimeshagusisha kifungo kwenye jino, na kilikuwa baridi: kombe la bahari, si plastiki. Plastiki huchukua joto la mkono upesi. Kombe hubaki baridi, na ukikigeuza kwenye mwanga kinatoa rangi ya waridi na kijani. Vifungo vilikuwa saba na akiba kimoja kimeshonewa ndani ya upindo. Franka 3,000. Nikaongeza koti la sufu la kike, la rangi ya kahawa, bitana yake bado nzima. Msomaji wa pwani atashangaa sufu ya nini huku kwetu; aje Katanga mwezi wa Juni au Julai, usiku, atalitafuta mwenyewe.

Tulikula kwa mama mmoja hapohapo sokoni, bukari (ugali) na samaki thomson na matembele, tukashushia munkoyo, kinywaji cha mahindi, kisha tukaingia upande wa bikwembe.

Huko hakuna balo. Ni akina mama wachache, wamekaa na vitambaa vilivyokunjwa magotini, na biashara inaendeshwa polepole, kwa salamu ndefu. Kikwembe cha zamani nakisoma kwa pindo na kwa mgongo. Kwenye pindo kiwanda huandika jina lake, na majina hayo ni historia tosha: Utexafrica ya Kinshasa, Sotexki ya Kisangani, Vlisco ya Helmond huko Uholanzi, ambayo imekuwepo tangu 1846. Mgongoni natazama rangi. Waksi ya kweli imepigwa nta pande zote mbili, kwa hiyo rangi ni ileile mbele na nyuma, na mahali nta ilipopasuka rangi imepenya ikaacha mishipa myembamba isiyojirudia. Iliyochapwa upande mmoja ukiigeuza inapauka. Hii ya pili ni rahisi, lakini nisingependa mtu aidharau, maana vikwembe vya kumbukumbu vingi vilichapwa namna hiyo, na ndivyo ninavyovitafuta zaidi.

Mama mmoja alinifungulia blauzi na sketi vilivyoshonwa kwa kikwembe cha Anuarite. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Kinshasa kumtangaza Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, yule mtawa aliyeuawa Isiro mwaka 1964, na Wakatoliki wengi walivaa sura yake. Rangi ya bluu ilikuwa imefifia mabegani. Kilichonishika ni kazi ya fundi. Sura ya mtawa aliiweka katikati ya mgongo, nzima, bila mshono kuigusa, na maandishi akayaelekeza yazunguke upindo wa sketi pasipo neno kukatwa. Kufanya hivyo unapoteza kitambaa, na mteja hulalamika. Fundi huyo alikubali kulalamikiwa. Nimeona nguo nyingi za namna hiyo ambazo mkasi umepita usoni pa mtu, na kila mara inaniuma.

"Mama, unipunguzieko kidogo."

"Yaya, hii haipatikane tena. Lakini leta dola kumi."

Nilileta, na sikujuta hata kidogo.

Kitu cha siku kilikuwa bado. Tulikuwa tumeshaelekea kutoka, jua limelala upande, tukapita kwa mama aliyetundika makoti ya kiume kwenye kamba. Kati ya majaketi ya mitumba lilikuwemo moja lililosimama tofauti, mabega yamenyooka bila hanga nzuri. Abacost. Wadogo huenda hawaijui: ndilo vazi ambalo utawala wa Mobutu uliliweka mahali pa suti na tai miaka ya 1970, katika ile siasa ya kurudia asili. Mwanaume alilifunga hadi juu, akaweka skafu shingoni. Tai ilikuwa marufuku mpaka tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja na kuiruhusu tena; baada ya hapo abacost zikaanza kuingia masandukuni. Nyingine zilishonwa Ubelgiji, lakini nyingi ni kazi ya mafundi wa mitaani mwetu, na hilo ndilo lililonifanya nishuke mfuko chini.

Ilikuwa ya sufu ya kijivu yenye mistari myembamba sana, mikono mirefu, mifuko minne. Nilitafuta mfuko wa kifua kwa macho nikaukosa. Nikapitisha kidole, ndipo nikaukuta: mistari ya mfuko imepangwa juu ya mistari ya kifua sawasawa, mstari kwa mstari, mpaka mfuko umepotea. Nikauangalia wa pili, vivyo hivyo. Vitundu vya vifungo vimeshonwa kwa mkono, mishono imebanana, pembeni hakuna uzi uliolegea. Ndani, bitana ipo mabegani na mikononi tu. Mgongo umeachwa wazi kwa ajili ya joto, na mishono yake imekunjiwa utepe ili isichanike. Nilimwita mtoto nikamwonyesha kila kitu hicho, naye akaisahau Levi's kwa muda.

"Ilikuwaka ya baba yangu," mama akasema. "Alikuwaka anatumika kwa Gécamines. Batoto bote banavaa jinzi tu."

"Nani aliishona, mama?"

"Fundi wa Kamalondo. Miye nilikuwa mutoto, nilikuwa naenda na baba kwa kuipima."

Alianzia franka 40,000. Nilipomwambia kwamba mimi ni fundi na nataka kuiga mkono huo, alinyamaza, akaligusa lile koti begani.

"Basi usiikate."

"Sitaikata, mama. Nitaifungua bitana tu, nione ndani, nirudishe."

Akachukua 25,000, na akaniomba nikishona ya kwanza nimletee picha. Namba yake nimeiandika.

Tulirudi kituoni jioni, mtoto akabaki na shati la pamba alilolichagua mwenyewe, nami nikapanda gari la Likasi nikiwa na koti magotini badala ya mfukoni.

Siku zilizofuata niliifungua bitana ya bega la kulia, polepole, kwa wembe. Ndani nilikuta kitambaa kigumu cha katani kilichoshikizwa kwa mamia ya mishono midogo ya mkono, ambayo haitokezi nje hata kidogo. Ndiyo iliyokuwa ikisimamisha lile bega kwenye kamba. Mshono wa mgongo fundi aliuachia vidole viwili vya ziada kila upande, mzee akinenepa koti lifunguliwe. Vipimo vyote nimevichukua kwenye karatasi, na bega nimelirudisha kwa matundu yaleyale ya sindano.

Mwalimu mmoja wa hapa mtaani, anayemwoza binti yake Desemba, aliliona limetundikwa dukani akaomba alijaribu. Lilimbana kifuani, lakini alisimama mbele ya kioo muda mrefu, akijigeuza huku na huku, akautafuta mfuko kama nilivyoutafuta mimi. Sasa ameagiza lake, sufu ya bluu yenye mistari, ameleta kitambaa mwenyewe kutoka Kolwezi. Mistari ya kitambaa chake ni mipana zaidi, kwa hiyo kosa dogo litaonekana. Nimeanza na mifuko.