Wazee wa Dar es Salaam, na sisi wa Ngamiani

Jana baada ya magharibi nilipita barazani kwa babu, jirani yetu hapa Ngamiani, Tanga, nikakuta ubishi umepamba moto. Kijana mmoja alikuwa ameifungua kwenye simu ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, ya vita na Idi Amin wa Uganda, na kabla haijafika penyewe, pale anaposema sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo, kila mtu keshaisema kivyake. Huyu anaanza na sababu, yule na nia, mwingine anashikilia kwamba uwezo ndio ulitangulia. Hata muuza kahawa alitua birika, naye ana yake.

Mimi swali langu ni la siku nyingi: Mwalimu alikuwa akisema na nani? Waliokaa mbele yake pale ukumbi wa Diamond Jubilee ni wazee wa Dar es Salaam, si wabunge, si wanajeshi. (Mazoea yake hayo, tangu enzi za TANU, jambo zito lilipita kwa wazee.) Siku moja tu nyuma, Amin alikuwa ametangaza kwamba ardhi yetu ya kaskazini ya mto Kagera sasa ni ya Uganda.

Basi nikajitia ujuzi. Nikawaambia, neno la sababu walisemeshwa marafiki waliokuwa wakituletea habari za suluhu, maana hotuba hiyohiyo inawaomba waache maneno hayo. Nia ni ya askari. Na uwezo alimwambia Amin, asikie hukohuko Kampala.

Babu akashusha kikombe. "Mjukuu wangu, Amin alikuwa na ndege za kivita za MiG, na yeye alijua kwamba tunajua. Uwezo tuliambiwa sisi."

Nikanywea. Sikuwahi kufikiri kwamba siku ile watu waliogopa. Mimi nimeisikia hotuba nikiwa tayari najua Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Wao waliisikia bila hilo. Tena waliisikia tu. Televisheni huku bara haikuwepo, na mtaani redio yenyewe ilikuwa moja, betri zake zimeanikwa juani tangu asubuhi zipate nguvu. Babu anasema makofi yalitoka redioni. Barazani hapa hakuna aliyepiga.

Bibi akadakia kutoka ndani: "Mie nilimuwaza kaka yangu tu." Kaka yake alikuwa mgambo. Bibi aliposikia "kumpiga", alijua nani atakwenda kupiga.

"Naye aliisikia wapi, bibi?"

"Aisikie wapi? Alikuwa mkongeni, Muheza. Kapashwa habari jioni."

Akaenda, akarudi salama. Ila siku hizi, bibi anasema huku akicheka, ukimkuta anaisimulia hotuba ile utadhani alikaa mstari wa mbele Diamond Jubilee, na kofia yake kichwani. Yeye anaanza na nia.