Oregon, pwani isiyo na ukuta

Mwishoni mwa Machi shule za Portland, hapa Oregon, Marekani, hufungwa kwa wiki moja, na kila mwaka nasikia wenzetu wakilalamika kwamba hakuna pa kwenda. Mvua haijakatika, baridi haijaondoka, na tiketi za ndege za kwenda kwenye joto zimepanda. Mimi nasema pa kwenda papo, tena ni mwendo wa saa moja na nusu tu kwa gari. Shika barabara ya 26 kuelekea magharibi, pita misitu ya milimani, utatokea Cannon Beach. Hapo utaikuta barabara ya 101 inayoteremka kusini ikiiandama Bahari ya Pasifiki. Pwani yote ya Oregon, kuanzia pale mto Columbia unapoingia baharini hadi kwenye mpaka wa California, ina urefu wa kilomita 580 na ushei. Sisi hatukukusudia kuimaliza. Tulikwenda polepole kutoka Cannon Beach hadi Florence, mimi na mke wangu, watoto watatu, na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga.

Tulipofika Cannon Beach, mama aliziangalia zile nyumba na hoteli zilizopangana juu ya ufuko, akaniuliza, "Sasa sisi tunaingilia wapi, mwanangu? Hapa si kwa wenye hoteli?"

Aliyekulia pwani yetu hahitaji kuelezwa kwa nini mama aliuliza. Sote tunazijua zile njia za kwenda baharini tulizozipita tukiwa watoto, ambazo siku hizi zina ukuta, geti na mlinzi anayekuuliza wewe ni mgeni wa nani. Nikamwambia, "Mama, tunaingilia popote." Tukapita uchochoro kati ya majengo mawili, ngazi chache, na tayari miguu iko mchangani. Hakuna aliyetuuliza kitu.

Hali hii haikuja yenyewe, na ningependa watoto wetu wanaokulia huku waijue historia yake. Mwaka 1913 gavana Oswald West alifanikisha sheria iliyoutangaza ufuko wa Oregon kuwa barabara kuu ya umma. Haikuwa hila, kwani wakati ule watu walisafiri kweli juu ya mchanga, na magari ya farasi yalisubiri maji yapwe ndipo yapite. Lakini sheria ile ilihusu mchanga unaofikiwa na maji. Ule mkavu wa juu ulibaki na utata. Mwaka 1966, hapohapo Cannon Beach, mwenye moteli mmoja alizungushia uzio kipande cha mchanga mkavu, akasema ni cha wageni wake peke yao. Watu wakaja juu. Tarehe 6 Julai 1967 gavana Tom McCall alitia saini sheria iliyolinda haki ya umma kuutumia ufuko wote mpaka pale majani yanapoanzia. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Oregon, na mwaka 1969 majaji wakaamua kwamba uzio hauna nafasi.

Kinachonigusa zaidi ni hoja waliyoitumia. Walisimamia desturi: watu wameutumia mchanga ule tangu zamani bila kuzuiwa. Walikumbusha kwamba walowezi wa kwanza wa Kizungu waliwakuta wenyeji wa asili wakichimba chaza kwenye mchanga wa maji na kukoka moto wa kupikia kwenye mchanga mkavu. Nilimsimulia mama haya tukiwa tumekaa juu ya gogo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hao wana akili. Bahari ni njia, nani anaweza kuuza njia?"

Jirani na hapo pamesimama Haystack Rock, mwamba wa mita 72 unaoota moja kwa moja kutoka mchangani. Maji yakipwa unaufikia kwa miguu, na chini yake yanabaki madimbwi yaliyojaa viumbe. Mama alijua kabla yetu kwamba maji yatakupwa sana, kwa sababu anahesabu mwezi tangu ulipoandama, na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ni bamvua hata Pasifiki. Tofauti ni kwamba huku kupwa kuwili kwa siku moja mara nyingi hakulingani. Wakati wa baridi kupwa kukubwa huangukia jioni au usiku. Kadiri machipuko yanavyosonga kuelekea kiangazi, huhamia asubuhi kukiwa na mwanga. Hii ndiyo sababu mojawapo ya mimi kupendekeza msimu huu. Angalia jedwali la maji siku moja kabla, fika saa moja kabla maji hayajapwa kabisa, uondoke yanapoanza kurudi.

Ndani ya madimbwi kuna viti vya pweza wa rangi ya zambarau na ya chungwa, wanene kuliko wale wa Tanga, wameng'ang'ania mwamba kwa nguvu zote. Kuanzia mwaka 2013 ugonjwa uliwaua kwa wingi katika pwani hii yote, wakawa wanayeyuka na kukatika mikono, kwa hiyo kuwaona wamejaa tena kwenye mwamba ni jambo la kushukuru. Kuna kome, kuna kaa wadogo, kuna vile viumbe vya kijani vinavyofunguka kama ua na kujifumba ukipitisha kivuli. Watu wa kujitolea husimama pale na darubini zao kuwaelekeza wageni. Mmoja alimweleza kitinda mimba wetu wapi pa kukanyaga: mchangani na kwenye mwamba mtupu tu, kwa sababu hata vile vinavyofanana na changarawe zilizogandia mwamba ni viumbe hai. Mtoto akawa askari wa familia nzima mchana kutwa.

Nawatahadharisha hasa sisi watu wa pwani, ambao tukiona kome mikono inawasha. Pale hauokoti kitu, ni eneo la hifadhi. Sehemu nyingine unaruhusiwa kuvua kaa na kuchimba chaza, lakini kila mwenye umri wa miaka 12 na kuendelea anatakiwa awe na leseni, na kabla ya kwenda lazima uulizie kama eneo halijafungwa kwa sababu ya sumu. Sumu hiyo inatokana na vijimea vya baharini, haionekani, wala haiishi kwa kupikwa.

Sasa niseme jambo zito. Bahari hii ni ya kila mtu kuitembelea, lakini si bahari yetu ya kuogelea. Maji yake yanacheza kwenye nyuzijoto 10 za Selsiasi, na baridi hiyo inaweza kumkata mtu pumzi na kumlegeza misuli kwa dakika chache. Lililo baya zaidi ni mawimbi ya kuvizia. Bahari inaweza kutulia kwa dakika nyingi, mawimbi madogo yanakuja na kurudi, kisha linatokea moja linalopanda ufukoni mbali kuliko yote na kumbeba aliyesimama. Na yale magogo makubwa yaliyolala mchangani, yanayowavutia watoto kupanda, wimbi la kina cha kifundo cha mguu linatosha kuyainua na kuyabiringisha juu ya mtu. Watu hufa hivyo katika pwani hii. Sisi tulikaa kwenye magogo yaliyo juu kabisa, kwenye mchanga mkavu, na sharti letu kwa watoto lilikuwa moja: hakuna kuipa bahari mgongo. Mama alilitilia mkazo kuliko mimi. Baba yake alikuwa mvuvi, na hakuna haja ya kumhubiria habari za maji.

Njiani utaona pia vibao vya buluu vinavyotangaza kwamba unaingia eneo la hatari ya tsunami, na vingine vinavyoonyesha njia ya kukimbilia mlimani. Binti yetu mkubwa aliuliza, tukasimama kumweleza. Baharini mbele ya pwani hii bamba moja la dunia linajisukuma chini ya jingine. Tarehe 26 Januari 1700 liliachia kwa tetemeko la ukubwa wa 9 hivi, na mawimbi yake yakafika hadi Japani, ambako yaliandikwa. Tarehe yenyewe tunaijua kwa sababu ya kumbukumbu hizo za Wajapani. Mama aliikumbuka ile ya Desemba 2004, iliyotoka upande wa Indonesia ikaja kuua watu mpaka kwetu Tanzania. Ukiwa ufukoni Oregon na ardhi ikatikisika kwa muda mrefu, usisubiri king'ora wala kutafuta funguo za gari. Panda juu kwa miguu.

Kutoka Cannon Beach kwenda kusini barabara inaingia bara kidogo kupitia Tillamook, mji wa ng'ombe na jibini, ambako watoto walitaka aiskrimu nasi tukawapa. Tulikuwa na haraka ya kufika Depoe Bay kabla ya saa sita.

Depoe Bay ni kimji kidogo chenye bandari ndogo mno, na barabara ya 101 inapita katikati yake, ukuta wa mawe upande mmoja na bahari chini yake. Pana kituo cha serikali cha kutazamia nyangumi, na kuingia ni bure. Mwishoni mwa Machi nyangumi wa kijivu wanakuwa safarini kurudi kaskazini. Wamekaa majira ya baridi kwenye maji ya vuguvugu ya Baja California, Meksiko, ambako huzalia, na sasa wanakwenda kula kwenye bahari za Alaska. Safari nzima, kwenda na kurudi, ni kilomita 16,000 na zaidi kila mwaka. Mmoja ana urefu wa mita 12 hadi 14. Waliwindwa karibu kumalizika, wakalindwa, wakaongezeka, na mwaka 1994 upande huu wa Pasifiki waliondolewa kwenye orodha ya Marekani ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Tulisimama pale muda mrefu tukitazama maji matupu. Upepo ulikuwa mkali, mama amejifunga kanga juu ya koti na bado anatetemeka, nami nikamwomba akakae garini. Akakataa. Ndiye aliyeona wa kwanza: mvuke mweupe ukaruka juu ya maji na kupeperushwa. "Yule pale! Yule pale!" Halafu mwingine. Halafu mgongo mrefu wa kijivu wenye mabaka, ukateleza taratibu na kuzama. Watu tusiofahamiana tukawa tunaonyeshana kwa vidole. Bibi mmoja wa Kizungu akampa mama darubini yake bila kuombwa, na wale wawili, wasiokuwa na lugha moja, walisimama bega kwa bega wakipokezana darubini na kushangilia kila mvuke. Siku ile nilifurahi kuliko siku nyingi nilizoishi nchi hii.

Tulilala Newport. Asubuhi tulivuka daraja la Yaquina Bay, moja ya madaraja makubwa ya pwani hii yaliyofunguliwa mwaka 1936 kwa michoro ya mhandisi Conde McCullough. Kabla yake watu na magari walivushwa kwa kivuko, jambo ambalo mtu wa Pangani halimpi shida kulielewa.

Mahali ninapotaka usipapite ni Cape Perpetua, kusini kidogo ya Yachats. Ni rasi yenye kilele cha mita 240 kutoka baharini, na gari linapanda karibu mpaka juu. Kukiwa kweupe unaona ukanda wa pwani hadi macho yanachoka, misitu ya kijani iliyokolea upande mmoja na povu jeupe upande mwingine. Kule chini, maji yakijaa, bahari inasukumwa ndani ya mashimo ya miamba na kurushwa juu kwa kishindo. Lakini kilichonishika mimi ni kitu ambacho wengi wanakipita: marundo ya maganda ya kome na chaza yaliyofukiwa na majani. Ni mabaki ya vyakula vya wenyeji wa asili walioishi pwani hii kwa maelfu ya miaka. Nilifikiria majaji wa 1969 na moto ule wa kupikia. Hao wenyeji, waliotoa ushahidi wa desturi bila kuitwa mahakamani, wengi wao walihamishwa kwa nguvu katika karne ya 19. Pwani ilibaki wazi kwa wote baada ya wenyewe kuondolewa. Niliwaambia watoto hilo waziwazi, kwa sababu uzuri wa mahali usiwe sababu ya kuficha yaliyotendeka pale.

Florence tulifika mchana. Hapo ndipo vinapoanzia vilima vya mchanga vinavyoenda kusini kilomita 60 na zaidi mpaka Coos Bay, na watoto walivipanda na kuviteremka hadi viatu vikajaa. Tuliswali Alasiri juu ya mchanga, upepo ukipeperusha mikeka.

Kwa atakayekwenda: barabara ya 101 sehemu kubwa ina njia moja kila upande, kona nyingi, na mwenye watoto wanaotapika garini ajiandae. Ukiona foleni nyuma yako, ingia pembeni penye nafasi uwapishe. Mtandao wa simu hukatika baina ya miji, kwa hiyo pakua ramani mapema. Ufuko ni bure, ila baadhi ya hifadhi hutoza ada ya kuegesha gari. Beba koti la mvua hata kama Portland kumetoka jua. Kurudi, si lazima upite ulikotokea. Kutoka Florence barabara ya 126 inakupeleka Eugene, na hapo unashika barabara kuu ya 5 mpaka nyumbani.

Nyangumi tuliowaona Machi walikuwa hawana watoto. Majike wenye ndama huchelewa, hupita kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Juni, tena karibu zaidi na ufuko. Mama aliposikia hivyo alimpigia simu dada yangu Tanga kumweleza kwamba safari ya kurudi isogezwe mbele. Mei tutakuwa Depoe Bay tena, na kwenye gari letu la pili zimebaki nafasi kwa yeyote wa Portland anayetaka kufuatana nasi.