Tarehe 4 Julai, Coney Island

Mjomba wangu alikuwa baharia. Miaka ya sabini alishuka melini New York na hakupanda tena. Nilipotoka Tanga na kufikia kwake Brooklyn, alijipa kazi ya kunitembeza, na kwa maoni yake mtu hajaiona Marekani mpaka awaone wenyewe wakisherehekea uhuru wao. Basi tarehe 4 Julai 2001 tukapanda treni ya F mpaka mwisho wa njia, Coney Island, ufukweni.

"Tunakwenda kwenye gwaride, Mjomba?"

"Gwaride la nini! Nakupeleka ukaone watu wanavyokula."

Nathan's, duka la hotidogi lenye shindano la kula kila tarehe hiyo, ipo kwenye kona ya mitaa ya Surf na Stillwell, ukitoka stesheni tu unaiona. Watu walikuwa wamebanana, watoto wako mabegani mwa baba zao, na jukwaani kuna meza ndefu iliyopangwa sahani za hotidogi na vikombe vya maji. Mshereheshaji aliyevaa kofia ya ukindu alikuwa anawaita walaji mmoja mmoja kwa mbwembwe za ulingo wa ndondi.

Kabla hawajaanza nikapanga foleni kununua yangu. Mjomba hali nyama ambayo hajui imechinjwa na nani, kwa hiyo yeye alichukua chipsi, zile nene zenye mikunjo. Mimi siku zile nilikuwa mlegevu kidogo. Nilipoambiwa ni ng'ombe mtupu, nikaridhika. Nikapewa skonzi laini iliyopasuliwa, soseji imelazwa ndani, juu yake mstari wa haradali ya manjano na kabichi iliyochachushwa. Ukiing'ata, ngozi ya soseji inakatika kwanza, tap! kisha mchuzi unatoka, chumvi na kitunguu saumu vinakuja pamoja. Niliila polepole. Bibi aliyetulea alikuwa akitupiga vidole vya mkono tukikimbilia tonge la pili na la kwanza halijashuka.

Mjomba alikuwa na historia yote ya pale, ameiokota kwa wazee wa mabenchi ya ufukweni. Bwana mkubwa wa soseji Coney Island alikuwa Mjerumani, Charles Feltman, akiuza moja senti 10. Kijana mmoja Myahudi kutoka Poland, Nathan Handwerker, alifanya kazi kwenye mgahawa wa Feltman, na mwaka 1916 akafungua kibanda chake na kuuza senti 5. Watu wakaingiwa na shaka: nyama ya senti 5 ni nyama gani? Inasimuliwa kwamba akawavisha watu makoti meupe na kuwasimamisha kibandani wakila, ili wapita njia waseme hata madaktari wanakula hapa. Kisa hicho Mjomba anakipenda mno, nadhani kwa sababu naye amefanya kazi kwa matajiri kadhaa ambao angependa kuwafungulia duka mlangoni.

Kipo na kingine, kwamba mwaka huohuo wa 1916 wahamiaji wanne walishindana kula hotidogi ili ijulikane nani anaipenda Marekani zaidi. Hicho ni cha kutunga. Mortimer Matz, mmoja wa watu waliokuwa wakiitangaza Nathan's, alikuja kukiri mwaka 2010 kwamba walikizua wao. Lakini aliyekitunga alikuwa na akili: katika chakula hicho wanachokiita cha Kimarekani kuliko vyote, sijui nani pale hakuja kwa meli au kwa ndege.

Na bingwa mwenyewe alikuwa Mjapani. Rekodi ilikuwa hotidogi 25 na thumuni, yaani sehemu moja ya nane, imewekwa mwaka uliotangulia na Kazutoyo Arai. Katikati ya majitu yenye vitambi akapanda Mjapani mwingine, kijana wa miaka 23, mwembamba, Takeru Kobayashi. Mtu wa nyuma yangu akacheka kwa sauti.

Dakika 12 zikaanza. Wenzake waliing'ata hotidogi kama mimi nilivyoing'ata, soseji na mkate pamoja. Yeye aliichomoa soseji, akaikata vipande viwili, akavisukuma vyote kinywani kwa mara moja. Mkate akauchovya majini, akaukamua, ukaingia. Huku anajitikisa mwili mzima ili vishuke. Yule aliyecheka akanyamaza. Muda haujafika mbali, rekodi ikapitwa, na yeye anaendelea. Vibao vya namba vikawaishia, wakaanza kuandika kwa mkono kwenye karatasi. Alipofika 50 umati ulikuwa unapiga kelele za kichaa, mimi nikiwemo, na chipsi za Mjomba zilikuwa zimepoa mkononi.

Wakamvika mkanda wa rangi ya haradali. Nilidhani Mjomba amefurahi kama sote. Kumbe amenuna.

"Mkate ulioloweshwa si mkate," akasema tulipokaa kwenye treni. "Ule ni uji."

"Mjomba, majaji wenyewe wamekubali."

"Majaji wanauza soseji."

Kobayashi alishinda miaka sita mfululizo mpaka Joey Chestnut alipomwangusha 2007, na Chestnut naye akaja kufika 76 kwa dakika 10 mwaka 2021. Naye anachovya. Kila Julai shindano likionyeshwa kwenye televisheni nampigia Mjomba simu kumtania, na hesabu yake haijabadilika. Toa mkate, anasema, hotidogi inabaki nusu. Nusu ya 50 ni 25. Kwa hiyo yule kijana siku ile alishindwa kwa thumuni.