Kabla hamjafungua pampu, tazameni moshi

Kwenye gereji zetu huku Njombe, sentensi inayokula fedha za watu kuliko zote ni hii: "Bosi, hapa pampu imekufa." Inatamkwa mapema mno, mara nyingi kabla filta haijaguswa. Mwenye gari hana la kubisha, pampu ya dizeli inashushwa, inapelekwa mjini, inarudi na bili nene, na kesho yake asubuhi gari linakataa kuwaka vilevile. Inaniuma kila ninapoliona, maana wenye magari haya ya zamani ni wakulima na wabeba mizigo, si watu wa kuchezea hela.

Safari hii ilikuwa Hilux ya baba mdogo, ya injini ya 3L, ile ya silinda nne na cc 2,779, pampu isiyo na kompyuta. Kazi yake ni viazi na mbolea. Asubuhi stata inazunguka kwa nguvu, betri haina neno, lakini injini haishiki. Ikishika inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza, moshi mweupe wa kuchoma macho unajaa uwanja, na ukiachia pedali inazima. Ikishapata moto, inapanda milima bila tatizo. Fundi alishatamka ile sentensi. Nikamwomba baba mdogo anipe nafasi kwanza.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Pistoni inaibana hewa hadi zaidi ya mara 20, hewa inapata joto kali, na dizeli inayonyunyizwa na nozeli inajiwasha yenyewe. Kwa hiyo unachotafuta ni vitu vichache: dizeli inafika? Inafika bila upepo, yaani hewa ndani ya mipira? Joto lipo? Kompresheni, yaani ule mbano wa hewa, ipo?

Moshi unakuonyesha pa kuanzia. Stata ikizunguka na sailensa haitoi hata moshi kidogo, dizeli haifiki kwenye silinda. Hapo anza na selenoidi, kile kidude chenye waya kilichofungwa kwenye pampu, kinachofungulia dizeli. Ukifungua swichi lazima kigonge "tik". Kisipogonga, fuata waya na fyuzi. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi maana yake dizeli inafika ila haiungui vizuri. Mweusi, dizeli imezidi au hewa haitoshi, tazama eyakilina, lile chujio la hewa. Wa bluu ni oili inaungua, na hilo ni shauri jingine kubwa zaidi.

Kilichonifungua macho hakikuwa moshi peke yake. Nilimuuliza baba mdogo, siku ambazo gari linawaka bila shida, huwa limelala wapi? Akafikiri. "Nikilala kule kwa shangazi yako, pale panaposhuka kuelekea bondeni." Nyumbani kwake uwanja unapanda, pua ya gari inalala juu. Tangi liko nyuma. Pua ikiwa juu, tangi linakuwa chini sana kuliko pampu, na kama kuna mahali panaingiza hewa, dizeli iliyomo njiani inarudi tangini usiku kucha. Pua ikiwa chini, dizeli inabaki mahali pake. Pampu iliyokufa haijali gari limelala limeangalia wapi.

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua kipande cha mpira wa levo, ule mweupe unaoona maji ndani yake ambao waashi wanatumia kupimia usawa. Nikakata mpira wa dizeli kati ya filta na pampu, nikaunganisha ule wa levo kwa klipu pande zote mbili, nikapampu kwa kile kipampu cha mkono kilicho juu ya filta mpaka ukajaa dizeli. Baba mdogo akapiga stata. Mwanzo dizeli ilipita safi, ya manjano. Halafu mapovu madogomadogo yakaanza kupita kwa mfululizo, yakaungana yakawa pengo refu la hewa lililosogea taratibu hadi mdomoni mwa pampu, na injini ikayumba palepale lilipoingia. Fundi aliinama akalitazama mwenyewe. Hatukuhitaji maneno mengi baada ya hapo.

Kwa kuhakikisha, tukaweka galoni ya dizeli safi juu ya boneti, mpira ukashuka moja kwa moja hadi kwenye pampu, bila tangi wala filta. Baada ya kutoa upepo injini ikashika, na mapovu hakuna. Pampu nzima. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, hakigharimu chochote na kinamaliza ubishi.

Ubovu ulikuwa kwenye mpira mfupi unaoingia kwenye filta. Mtu aliufunga zamani kwa waya wa nondo badala ya klipu, na mpira ulikuwa umechanika chini ya waya. Nje pakavu kabisa, hakuna hata tone. Ndiyo sababu mafundi hupitwa: upande huo pampu inavuta, haisukumi, kwa hiyo tundu linanyonya hewa bila kuvujisha, kama mrija wa soda uliotoboka. Tukabadilisha mpira, klipu na filta, tukatoa upepo.

Ikawaka. Lakini asubuhi, na baridi yetu ya Julai mnaijua, bado ilikuwa inamisi. Hapo ni hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha joto silinda kabla ya kuwasha. Toa bati linaloziunganisha, pima kila moja kwa mita: nzima inaonyesha ukinzani mdogo sana, iliyokatika haionyeshi kitu. Moja ilikuwa imekatika. Msikimbilie kuzipima kwa betri kabla ya kusoma volti zilizoandikwa juu yake, kwani nyingine za Toyota ni za chini ya volti 12 na zitaungua mkononi. Na tafadhali, acheni kuwasha moto wa kuni chini ya injini. Gari lenye mipira ya zamani iliyolowa dizeli!

Sisemi pampu hazifi. Pampu hizi zinalainishwa na dizeli yenyewe, na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inazikausha hadi zinalika. Uchakachuaji huo ndio uliowafanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, waanze kuweka vinasaba, yaani alama za siri za kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010. Maji nayo yanaua. Fungueni kile kiplagi cha chini ya filta mara kwa mara mmwage maji.

Silinda ya tatu bado inagonga kidogo mwanzoni. Tulilegeza nati za nozeli moja moja injini ikiwa inaunguruma, na ile ya tatu haikubadilisha mlio, ishara kwamba haifanyi kazi yake. (Mkifanya hivi, mikono mbali: dizeli inatoka kwa presha inayopenya ngozi, na kidonda chake ni cha kukimbizwa hospitali.) Nozeli zote nne zinakwenda kupimwa wiki ijayo, maana kutengeneza moja na kuacha tatu za umri uleule ni kuomba kurudi gereji katikati ya msimu wa viazi.