Heroe wekundu wa Celestún

Jana binti yangu karudi na daftari la kuchora. Amempaka heroe rangi nyekundu, na mwalimu amemkosoa: heroe ni wa waridi. "Mama, si ile picha ya sebuleni ni wekundu?"

Wekundu, naam. Wale si hawa wetu wa Natron na Bogoria. Heroe wa Amerika amekolea kama pilipili mbivu, na rangi yenyewe anaila: imo ndani ya mwani na viduvi wa maji ya chumvi.

Ya safari nzima ya Mexico nayaacha. Nataka asubuhi moja tu, Celestún, magharibi mwa Yucatán. Mikoko kila upande, na harufu ya tope la maji kupwa, ile ile ya Lamu babu aliporudi na jahazi la boriti. Nahodha alizima mashine tungali mbali, akachomeka pondo. Nilimsihi tusogee, kamera yangu haikufika. Akakataa. Mwenzangu alinitafsiria: hawa wamekuja kula, wapate nguvu za kwenda kutaga Ría Lagartos. Ukiwarusha, umewanyima chakula.

Basi nikatulia, nikatazama. Heroe hula kichwa kikiwa juu chini, mdomo umelazwa majini, ulimi ukivuta maji na kuyatoa kama pampu. Mmoja alikuwa akizunguka palepale huku anakanyagakanyaga, kama mtu anayekanda udongo wa kukandika nyumba, kisha akainama kuokota alichokiibua. Na kundi zima likivuma kwa chini, kama watu wa maulidi kabla ya kasida ya kwanza. Sijui tulikaa muda gani. Sikumbuki hata kuishika kamera.

Ikaja boti nyingine kwa kasi, ikawapitia karibu. Wakakimbia juu ya maji, mamia, wakafunua mbawa, na chini ya ule wekundu ukatokea weusi ambao sikuutarajia. Hapo nikapiga picha. Nahodha hakuinua macho. Alikuwa akiyatazama maji waliyoyaacha, yamevurugika.

Tulingoja. Mpaka tunaondoka hawakuwa wamerudi.

Kesho nitakwenda na picha shuleni, mtoto apate haki yake. Lakini jana usiku nilimkuta amesimama chini yake. "Mbona wote wanakwenda upande mmoja?"

"Kuna boti."

"Siioni."

Nikamwonyesha ilipo: nje ya fremu, pale ukutani, kushoto.