Bango la Agosti 6: andika "bomu", usiishie "nyuklia"

Kabla ya rangi, amua maneno. Ukiandika NYUKLIA HAPANA peke yake, msomaji wa huku Nyanda za Juu Kusini anawaza urani ya Mkuju kule Namtumbo, na ubishi wa mgodi na umeme unaanza palepale barabarani. BOMU LA NYUKLIA HAPANA haina utata. Kumbuka pia kwamba kumbukumbu ya Hiroshima inaangukia siku mbili kabla ya Nanenane, sikukuu ya wakulima: Uyole ya Mbeya, penye viwanja vya maonyesho, imejaa wageni, na wasomaji wako wengi wamo kwenye daladala inayopita. Hawatasoma sentensi.

Kata boksi gumu sentimita 60 kwa 80. Herufi ziwe na kimo cha sentimita 10 na unene wa 2, mistari mitatu: BOMU LA, NYUKLIA, HAPANA. Usianzie kushoto, ndiyo maana A ya mwisho huwa imebanwa ukingoni. Hesabu herufi: NYUKLIA ina saba, kwa hiyo K inakaa katikati, kisha unaenda pande zote mbili. Kwa HAPANA, katikati ni kati ya P na A.

Juu inabaki nafasi ya alama ya amani, duara la kipenyo cha sentimita 30. Alama hii msanii Mwingereza Gerald Holtom aliichora mwaka 1958 kwa maandamano ya London hadi Aldermaston, kwenye kituo cha silaha za nyuklia cha Uingereza, akiunganisha ishara za bendera za N na D (Nuclear Disarmament, yaani kuondoa silaha za nyuklia). Kosa la kila mara ni kusahau kipande cha chini cha mstari wa katikati: hapo umechora nembo ya Mercedes. Piga mstari wima toka juu hadi chini. Kutoka ncha ya chini pima sentimita 11.5 kulia na kushoto hadi zikutane na duara, weka alama, unganisha na kitovu.

Rangi ya mafuta iache. Kwenye boksi inaacha doa la mafuta pembeni ya herufi, na kwa baridi ya Mbeya ya Agosti asubuhi bado inanata. Tumia rangi ya maji, nyeupe pande zote mbili; ukipaka upande mmoja tu boksi linajikunja. Robo lita inatosha mabango mawili. Herufi nyeusi. Njano juu ya nyeupe haionekani kabisa.

Mpini ni mwanzi mkavu wa mita 1.7, unene wa kidole gumba. Upitishe nyuma hadi ukingo wa juu, la sivyo upepo utakunja bango katikati. Usipigilie msumari, mwanzi utapasuka. Funga kwa waya sehemu tatu, na kila tundu upande wa mbele wekea kizibo cha soda kilichotobolewa, waya upite ndani yake. Bila kizibo, waya unachana boksi kabla hamjafika Mafiati, mjini Mbeya.